Kwa Sababu Zangu Binafsi

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuweka tunda la plamu lililotiwa chumvi katikati ya wali. Kisanduku cha chakula kinapita kwenye mkanda, unaweka plamu, kinakuja kingine. Si kazi ya kujisifia, lakini ilitupa mimi na mama yangu vyumba viwili vya kampuni nyuma ya kiwanda, na harufu ya samaki wa kukaanga tusiyoiomba.

Januari, Bwana Tokunaga, mkuu wa zamu, aliniita kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wateja wamepungua, akasema, mkanda wetu unafungwa. Alikuwa akiikunjakunja kofia yake ya plastiki.

"Dada Kuramoto, sitaki mambo yakuharibikie. Andika tu barua ya kuacha kazi, kama kawaida. Tuachane vizuri."

"Kama kawaida, Mkuu?"

"Si unajua inavyoandikwa?"

Nani asiyejua? Huku kwetu hata ukitolewa kwa teke, barua yako itasema: kwa sababu zangu binafsi, naomba kuacha kazi. Ndiyo adabu. Ukiandika vingine unaitwa mkorofi, na sifa hiyo hukutangulia kiwanda cha pili. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nami nikaubusu.

Mama ana miaka themanini na miwili. Alifundisha kuandika kwa brashi tangu sijazaliwa, na mpaka leo vidole vyake hutetemeka kwa kila kitu isipokuwa brashi. Alipoisoma barua yangu alikunja uso.

"Mistari imelala kama mlevi. Andika tena."

"Mama, ni barua ya kuacha kazi, si mashindano!"

"Kuingia, mtu huingia kwa mwandiko wowote. Kutoka ndiko kunakotazamwa."

Niliandika mara nne. Bwana Tokunaga aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Pole kwa kazi ya miaka yote hii." Na mimi mpumbavu nilitoka pale nimevimba kichwa, eti nimeondoka kwa heshima.

Kwenye ofisi ya kazi, nilikokwenda kuomba posho ya wasio na kazi, karani mwenye tai ya kijani aliigeuza nakala ya barua huku na huku.

"Hapa inaonyesha uliacha mwenyewe, mama."

"Sikuacha. Mkanda umefungwa."

"Lakini barua ni yako?"

"Ni yangu."

"Mwandiko mzuri kweli," alisema, na naapa hakunikejeli. "Sasa, anayeacha mwenyewe husubiri zaidi ya miezi miwili ndipo aanze kulipwa. Ungekuwa umeachishwa ungeanza karibu mara moja. Una shahidi? Sauti uliyorekodi?"

Nani huingia chumba cha kubadilishia nguo na kinasa sauti? Nikampigia Bwana Tokunaga. "Dada Kuramoto," alisema kwa huzuni, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea, "si tuliachana vizuri?" Wenzangu waliobaki kiwandani hawakupokea hata simu. Siwalaumu. Au tuseme nawalaumu, ila ningekuwa wao ningefanya vilevile.

Nyumba ya kampuni ilitakiwa irudishwe mwisho wa Februari. Nilizunguka kwa mawakala wa nyumba hadi viatu vikaisha. Hakuna anayempangishia mtu asiye na kazi, tena mwenye mzee ndani, maana wenye nyumba wanaogopa wazee kuwafia vyumbani. Nikaishia kwenye dirisha la msaada la halmashauri, kwa Bi Onuki. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi.

"Chumba cha dharura kipo, dada. Utakaa humo mpaka msaada wa kodi ya nyumba upitishwe. Lakini ni cha mtu mmoja."

"Na mama yangu?"

"Ana mtoto mwingine?"

"Ni mimi tu."

"Mzee asiye na wa kukaa naye tunamtafutia nafasi nyumba ya wazee. Lakini akiwa anaishi na binti mzima..." Aliangalia kalamu yake. "Labda aombe mwenyewe, kwa maandishi, kwamba anataka kuondoka. Nakushikia chumba hadi Ijumaa, saa kumi na moja jioni."

Nilirudi nyumbani nimekwisha kukata shauri: hapana. Nilimweleza mama kila kitu, hata habari ya barua, kwa sababu hunisoma usoni, kumficha ni kujichosha. Alikuwa akimenya chenza. Alilimenya hadi mwisho.

"Mimi ndiye niliyekuandikisha mara nne," alisema.

"Si kosa lako, mama."

"Ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Huenda wangeikataa."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

"Tutalala popote," nilimwambia, "lakini pamoja."

"Haya," alisema, akanipa nusu ya chenza.

Ijumaa asubuhi niliporudi kutoka kutupa takataka nilimkuta amepiga magoti mbele ya meza fupi, nywele zimechanwa, kipande cha wino kimesagwa majini. Mlangoni palikuwa na furushi la nguo limefungwa kwa kitambaa chake cha zambarau.

"Nimezungumza na yule Bi Onuki kwa simu," alisema. "Anataka maandishi. Haya, pokea."

Niliisoma barua akiwa bado ameishika. *Kwa sababu zangu binafsi, naomba kuacha kuishi na binti yangu kuanzia leo.* Hakuna mstari uliolala.

"Siipeleki. Mama, huu ni uongo."

"Na yako ilikuwa kweli?"

Nililia kama mtoto, bila aibu, kamasi na yote.

"Usiniloweshee wino," alisema. "Nimeandika mara moja tu. Karatasi zimekwisha."

Aliinyoosha kwangu kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mkubwa wake. Mikono yangu, kwa mazoea yake ya kijinga, ikaipokea yote miwili. Nikainama. Na mdomo wangu ukasema, kabla sijauzuia, "Pole kwa kazi ya miaka yote hii."

Mama naye akainama, paji la uso likagusa mkeka.

"Asante," alisema. "Sasa nivalishe koti. Usije ukakosa chumba."