Mto Uliofutwa kwa Kiazi

Wiki moja kabla ya Pasaka, Zélie alikata kiazi kibichi katikati, akaanza kusugua picha za nyumba ya Bwana Anselme, alimokuwa mtumishi, kama mama yake alivyosugua picha za watakatifu kila mwaka. Bikira Maria wa ukumbini alitakata. Babu mwenye ndevu naye akatakata. Akafika kwenye kipicha kilichokaa juu ya meko, kidogo kama daftari, alichokichora Bwana Anselme mwenyewe ujanani: kilima cha zambarau, miti ya njano, mnara mwekundu wa kanisa, na chini kabisa mto Creuse. Ukikisogelea huoni kitu ila vidoa vya rangi. Ukirudi nyuma, bonde lote linakutazama.

Alisugua mara tatu tu. Kiazi kikawa cha buluu. Pale penye mto palibaki kadibodi tupu, rangi ya uji.

Zélie akageuka kuutazama mlango. Msichana aliyemtangulia alivunja sahani moja, Bi Clarisse, dada yake bwana, akamfukuza bila barua ya sifa. Na bila barua ya bibi, hakuna nyumba bondeni itakayokuchukua. Kwa Zélie, kufukuzwa kulikuwa ni kurudi kwa baba wa kambo, na ngumi zake.

Toinon, mwanamke wa kufua, akaingia na kapu la mashuka. Akatazama picha, akatazama kiazi.

"Ulikuwa unamenya kiazi au unamenya mto, binti?"

"Mama Toinon, nisaidie. Nifanye nini?"

"Funga mdomo. Mzee mwenyewe macho yanamkimbia, hataona kitu. Akiuliza, sema mto upo." Akatupia kapu kiunoni, akatoka akicheka.

Juu, fimbo ikaanza kugonga ngazi. Kila asubuhi Bwana Anselme alishuka kuitazama picha ile kabla hajanywa kahawa yake. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, hakuchora tena. Zélie alikificha kiazi mfukoni, unyevu wake ukapenya mpaka pajani.

Mzee akasimama mbele ya meko. Akainama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Zélie aliona shingo yake ikibadilika rangi.

"Zélie."

"Naam, bwana."

"Mto siuoni." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. "Jana niliuona. Wewe unauona?"

Neno moja tu, na angebaki na kitanda chake na barua yake. Alifungua mdomo alitoe. Lakini mzee alikuwa ameshika ukingo wa meko kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye juu ya paa.

"Haupo, bwana. Nimeufuta mimi, kwa kiazi."

"Kwa nini?"

"Kwa kiazi, bwana. Nilikuwa nasafisha."

Mzee akavuta pumzi ndefu, akacheka mpaka akakohoa. "Kiazi! Mungu wangu, kumbe ni kiazi tu!"

Bi Clarisse alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Funga mzigo wako, wewe. Sasa hivi. Na barua usiniulize."

"Clarisse, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Ameiharibu kazi yako!"

"Wewe kila siku unaniambia macho yangu ni mazima. Wiki iliyopita ukasema gazeti ndilo lina wino hafifu." Mzee hakumgeukia. "Zélie, njoo hapa. Na huu mnara wa kanisa, umeufuta pia?"

Zélie akasogea. Pale juu hakupagusa kabisa. Mnara ulikuwa umesimama mahali pake, mwekundu kama jeraha jipya, hata mtu aliye mlangoni angeuona. Nyuma ya mzee, Bi Clarisse alikuwa akimtikisia kichwa cha ndiyo kwa nguvu: sema umeufuta, sema umeufuta. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Zélie hakuwahi kumwona bibi yule akimwomba mtu kitu.

"Sikuugusa, bwana," alisema. "Upo."

Mzee akanyoosha kidole, akapapasa kadibodi polepole, akaupita mnara, akarudi, akaupita tena.

"Wapi?"

Zélie akamshika mkono, akauweka juu ya ule wekundu.

"Basi huyu haendi popote, Clarisse," mzee akasema, na hakuuachia mkono wa msichana.