Shemeji wa Juu ya Kabati

Mtaa mzima ulimwita Shemeji, na kosa lilikuwa la wifi. Fundi cherehani wa nyumba ile hakuwahi kuolewa, wala hakuwa na mpango huo. Kwa hiyo siku ambayo wifi yake, mke wa kaka yake, aliingia chumbani na kumkuta amelaliwa miguuni na dume la madoadoa, alishika kiuno akasema, "Haya, hongera! Hatimaye na wewe umepata. Mimi namwita shemeji." Jina likaganda hapo hapo.

Shemeji huyo alikuwa mondo, paka wa porini mwenye miguu mirefu, ila hilo walilijua baadaye sana. Kaka mtu, dereva wa lori, alimkuta kwenye mikunjo ya turubai la mzigo, kitoto kisichojaza kiganja, akamleta nyumbani akidhani ni paka wa kawaida. Fundi akamnyonyesha maziwa kwa kitambaa kilichosokotwa, mkono mmoja kwa mtoto, mwingine kwenye sketi ya mteja. Paka gani huyo, jamani! Alipotimiza miezi sita alishampita mbwa wa jirani kwa urefu, na masikio yake, Mungu wangu, yalikuwa kama ya mtu anayesikiliza umbea wa nyumba ya tatu.

Na uzuri! Hapo fundi hakuwa na breki. Aliweza kuacha suruali ya mtu haina zipu ili amtazame tu akishuka kutoka juu ya kabati, bila kishindo, begani madoa yakiteleza kama yana maji ndani. "Nimeshona miaka ishirini na sita," aliwaambia wateja waliokuja kuchukua nguo zao, "na bado kuoanisha maua ya kitambaa kwenye mshono kunanitoa jasho. Sasa angalia hapa. Si uangalie! Umeona doa lililokatika?" Wateja waliangalia kwa mbali, mgongo ukutani, wakakubali kwamba hakuna.

Shemeji alikuwa na ubaya wake pia, tusidanganyane. Alikojolea mapazia mapya ya wifi, mara mbili. Ukimshika mkia alikufokea mpaka unasahau ulichokuja kufanya. Wifi alilalamika asubuhi na jioni, huku akimkatia nyama vipande vidogo vidogo.

Daktari wa mifugo aliyeitwa kumchoma sindano ya chanjo ndiye aliyemtambua, na ndiye aliyeleta balaa.

"Mama, huyu ni mondo. Ni mnyama wa porini. Lazima niwaarifu watu wa wanyamapori." Akaona uso wa fundi, akalainisha sauti. "Usife moyo. Wakiona hajui kuwinda, ameshazoea kulishwa, wanakuachia kwa kibali. Anayejua kuwinda ndiye anayerudishwa."

Wiki hiyo fundi aliharibu magauni mawili. Wifi akamkalisha kitako.

"Wifi yangu, nisikilize. Akija huyo afisa, kazi yako ni moja: kufunga mdomo. Mengine niachie mimi."

Wifi alikuwa na sababu ya kuhofia. Kuna mteja aliwahi kuliangalia koti lililoshonwa na fundi akasema "si baya sana." Fundi alimfuata hadi barabarani akimweleza habari za bitana, kile kitambaa cha ndani.

Afisa alikuja Alhamisi asubuhi, bwana mnene mpole, faili kwapani.

"Yuko wapi?"

"Shemeji bado amelala," wifi akaropoka.

"Basi mwamsheni. Nitaongea na yeye kwanza, mwenye nyumba."

Fundi aliuma ulimi ili asicheke, akanyoosha kidole juu ya kabati. Shemeji alifungua jicho moja, akapiga mwayo, akashuka kula nyama yake sahanini, taratibu, kama mstaafu. Afisa akaandika. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri ajabu.

"Huyu ameshaharibika," afisa alisema. "Ni mvivu."

"Kupindukia, afande!" wifi akadakia. "Panya wanampita mgongoni."

Fundi akafungua mdomo. Wifi akamkanyaga kidole cha mguu.

"Amekuwa paka tu," afisa akaendelea, kalamu ikikimbia. "Porini huyu hamalizi siku mbili. Atakufa njaa kama zuzu."

"Zuzu?" alisema fundi.

"Wifi," wifi akanong'ona.

"Zuzu nani? Huyu? Afande, hebu njoo uani!"

Akafungua mlango wa nyuma kwa nguvu. Juu ya kamba ya nguo, iliyofungwa usawa wa paa, njiwa watatu walikuwa wametua. Shemeji akatoka polepole, akasimama. Masikio yakageuka, moja, kisha la pili. Halafu hakuwa chini tena. Alikuwa hewani, wima, amenyooka mwili mzima, mikono yote miwili mbele, na aliposhuka njiwa mmoja alikuwa mdomoni na wawili wakipiga kelele juu ya bati.

Fundi alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu, anacheka, machozi yanamtoka kwa raha, "Umeona? Umeona?" mpaka akaona kalamu ya afisa iko chini na afisa mwenyewe anamtazama kwa huruma. Akaacha kupiga makofi.

"Mama," afisa alisema, "unaelewa umenionesha nini?"

"Naelewa."

Wifi alikuwa ameketi kizingitini akilia kwa sauti, bila haya. "Ungenyamaza tu! Dakika tano, wifi! Dakika tano zimekushinda?"

Shemeji alikuwa ananyonyoa manyoya, hana habari na mtu. Fundi alimtazama.

"Ningebaki naye," alisema, "halafu kila siku namtazama machoni, najua nimekubali aitwe zuzu. Siwezi."

Afisa aliokota kalamu, akakata yale aliyoyaandika, akaanza upya. Fundi akamsogelea, akachungulia karatasi juu ya bega lake.

"Andika vizuri, afande," alisema huku akijifuta uso kwa kanga. "Hakukimbia kwanza. Aliruka palepale aliposimama."