Viboko wa Stonbruku

Mwaka 1968 shule ya kijiji cha Mnengo, karibu na mdomo wa Ruvuma, iliishia darasa la nne. Aliyetaka la tano avuke mikoko na kutembea maili saba. Raimundo, seremala aliyehamia kutoka ng'ambo ya mto, alikwisha kata shauri.

"Mwalimu, Amelia wangu haendi huko. Akimaliza hapa, basi."

Mwalimu Raheli, mzaliwa wa Dodoma, lilimuuma hilo, maana hajapata kufundisha mtoto mwenye akili kama Amelia. Tumaini likabaki moja: mkaguzi wa shule angekuja kutoka Mtwara, na akiridhika angewaombea darasa la tano. Mkaguzi huyo, ilisemekana, alipenda mno jiografia.

Kitabu cha jiografia kilikuwa kimoja, kikuukuu, chenye habari za Stonbruku, kijiji kidogo cha Uingereza. Raheli mwenyewe Uingereza aliisikia tu. Basi akafundisha kwa mifano. Ngano, akasema, ni kama mpunga wetu. Mto wao ni kama Ruvuma, mdogo tu. Majirani ni kama mama zenu. Watoto wakaelewa barabara, ila walielewa yao.

Siku ikafika. Mkaguzi, Bwana Lukasi, akasimama mbele ya darasa na miwani yake.

"Nani ataniambia habari za Stonbruku? Ardhi yake, kazi zake, na watu wanavyoishi."

Amelia akasimama.

"Stonbruku iko bondeni, kando ya mto. Watu hulima ngano. Ikianza kuiva, viboko hutoka mtoni kuila, kwa hiyo kila nyumba hujenga dungu shambani, wakapanda juu kulinda kwa zamu."

"Viboko? Uingereza?"

"Wengi, Bwana. Korosho zao huuza kwa chama cha ushirika. Mtu akifiwa, kwake hapawashwi moto. Majirani humpikia, na watani humtania mpaka acheke, ale."

"Wote hufanya hivyo?"

"Wote. Asiyekwenda kwa wenzake, kwake hawaji."

Raheli alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwaka mzima wa kazi, na viboko wameula! Mkaguzi alivua miwani, akaifuta polepole, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Haya, mwanangu. Kijiji chenye neema zote hizo kimepungukiwa nini?"

Amelia hakungoja hata kidogo.

"Darasa la tano."

Kicheko kikamkauka Bwana Lukasi. Alimtazama yule mtoto, akatazama dirishani kwenye mpunga na madungu yake, kisha akafungua daftari akaandika kwa muda mrefu.

Januari, siku ya kufungua shule, Raimundo alitokea na benchi jipya la mninga kichwani.

"La darasa la tano hili, mwalimu," alisema akilitua. "Amelia akae mbele."

Raheli akalia mbele ya watoto wote, wala hakuona haya.