Nani Atabaki na Mitungi?

Anselm alikuwa kijana wa adabu, tusimwonee. Alifika Kinampanda akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akala ugali wa mtama na mlenda bila kukunja uso. Halafu akaharibu yote kwa swali moja.

"Mama Evodia akifariki leo, nani ataongoza Pumzi Njema?"

Mwenyekiti wa bodi, Mzee Elisha, mwalimu mstaafu, alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati.

"Mwanangu," alisema, "huku kwetu mtu hachuriwi mbele ya macho yake."

"Si uchuro, mzee wangu. Ni utawala bora."

"Utawala bora wa kuzika watu wakiwa hai?" alidakia Mama Damari, mkunga wa zamani, na wajumbe wakacheka.

Evodia hakucheka. Mikono yake ilikuwa chini ya meza, imelowa jasho. Chini ya kwapa lake la kushoto kulikuwa na uvimbe, na daktari wa Dodoma alimwambia aende Dar akafanyiwe upasuaji, asichelewe, na matibabu ya baadaye yangechukua miezi. Mumewe tu ndiye aliyejua. Naye kila alipomuuliza safari lini, jibu lilikuwa lile lile: ngoja kwanza.

Angeondokaje? Pumzi Njema aliianzisha mwenyewe alipokuwa muuguzi, baada ya mtoto kumfia mikononi kwa kukosa oksijeni. Alianza na pikipiki moja. Sasa magari yake yalipeleka mitungi vituo vya afya vya Iramba na Mkalama, na wafadhili walitaka kumjengea kiwanda cha kuijazia. Kabla ya kutoa fedha, walimtuma Anselm akaangalie kama nyumba kubwa namna hiyo imesimama juu ya nguzo moja.

Ilikuwa imesimama juu ya nguzo moja. Mitungi ikipungua, kituo gani kianze? Mpigie mama. Gari limekwama? Mpigie mama. Zamani watu wakisema mama ndiye kampuni, alivimba kichwa. Siku hizi maneno hayo yalimtia hofu.

"Basi nitaandika kwamba bodi haina jibu," alisema Anselm.

"Jibu lipo," Evodia aliwahi. "Ni Gasto." Gasto alikuwa mtoto wa dada yake, msimamizi wa madereva, mtiifu kupita kiasi.

"Samahani, mama. Ukimtaja wewe, huo ni wosia. Wanaotakiwa kuchagua ni bodi."

"Na sisi tukichagua, tumemtakia kifo," alisema Mzee Elisha. "Wosia husemwa na mwenyewe."

Wakabaki hapo, huyu amekaza huku na yule kule, na Evodia katikati. Kiwanda kilikuwa kinaponyoka, lakini si hilo lililomtisha zaidi. Alijiona kitandani hospitalini, amelala usingizi wa dawa, na mtoto wa mtu huku Iramba anakosa pumzi kwa sababu simu yake haipokelewi.

"Tuache kifo," alisema. "Mimi nasafiri. Nipo mbali, miezi, simu haipatikani. Mitungi nani anagawa?"

Mzee Elisha akavaa miwani. "Aa! Safari? Hilo jepesi. Rahel."

"Rahel," wakaitikia wote.

Rahel wa stoo! Yule anayembishia mbele ya madereva, ambaye Evodia almanusura amfukuze kazi!

"Kwa nini si Gasto?"

"Gasto akiulizwa, anakupigia wewe," alisema Mama Damari. "Rahel akiulizwa, anajibu. Ulipokuwa msibani Ilongero, mtungi uliomwokoa yule mzazi unadhani uliondoka kwa amri ya nani?"

Alidhani ni Gasto. Hakuwahi kuuliza. Ilimuuma, na wivu ukamkaba kama ameporwa mtoto mgongoni. Ila kwa mara ya kwanza tangu Dodoma alivuta pumzi ikafika chini.

Anselm akaliandika jina la Rahel, akashukuru, kikao kikafungwa, watu wakatoka kwenda kunywa chai. Mama Damari hakutoka. Alisogeza kiti chake karibu.

"Hiyo safari ni ya wapi, mwanangu?"

"Ulikuwa mfano tu, mama."

"Mfano hautoi mtu jasho hivyo."

Evodia akatazama mlangoni. Kisha akauchukua mkono wa yule mama, akauingiza chini ya kwapa lake. Vidole vilipapasa, vikasimama, vikapapasa tena taratibu.

"Daktari ameuona?"

"Ameuona. Alisema niende Dar haraka."

"Lini?"

"Tangu kabla ya mavuno ya alizeti."

"Alizeti tumeshakamua na mafuta tumeshauza! Ulikuwa unangoja nini?"

"Nijue nani atabaki na mitungi."

Mama Damari akautoa mkono. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na sauti yake ilikuwa ya hasira.

"Mjinga wewe! Ungeuliza tu. Sisi tunalijua hilo jina tangu mwaka jana."