Maji ya Mlangoni

“Umemtegea mume wangu mlangoni kwako!”

“Mimi? Panya tu wa chumbani wamenishinda kuwatega, leo nimtege shemeji?”

Tuliokuwa uani tukaangua kicheko, na Eufrasia akazidi kupandwa na hasira. Pale Bangwe chumba changu kilikuwa katikati ya chumba chake na cha huyo Mwanvua aliyemjibu. Ugomvi wao niliusikia kwa masikio yote mawili. Kisa ni miguu ya Thobias, mume wa Eufrasia. Alitoka kwenye homa na kikohozi, akapona nusu, kisha miguu ikavimba hadi kandambili zikamkataa. Na kwa kuwa kila asubuhi alipita kwenye maji ambayo Mwanvua aliyamwaga mlangoni baada ya kuosha dagaa, Eufrasia hakuhitaji ushahidi mwingine: mumewe kakanyaga kitu.

Akazungushwa kwa waganga, mara Ujiji, mara Rusimbi. Thobias mwenyewe alikuwa mtani. “Miguu imenenepa,” akasema, “mwenyewe bado.” Tukacheka tena. Hata alipoanza kulala ameketi, mgongo ukutani, akihema kama aliyepanda mlima na gunia la mkaa, gumzo letu lilibaki lile lile: nani kamwendea nani.

Hospitalini daktari alimbonyeza mguu; shimo la kidole likabaki. Akasema ile homa iliushukia moyo. Nyama yenyewe ya moyo imelowa maji, imevimba kama godoro la sponji lililonyeshewa, haina tena nguvu ya kusukuma damu. Ya miguuni ni dalili tu.

“Nani kayatia hayo maji?” Eufrasia akauliza.

“Hakuna mtu, mama. Ni ugonjwa. Mngewahi…”

Wiki ile ile tulimzika Thobias.

Mpaka leo, watu wakicheka uani, mimi nyuma ya kicheko namsikia Thobias akihema.

Msibani Mwanvua alipika na kuosha vyombo, lakini hakuonja kitu, wala Eufrasia hakumtazama. Siku ya arobaini Mwanvua akasimama nje, kanga kaibana kifuani, kama mtu aliyepotea njia. Eufrasia akatoka jikoni.

“Mwanvua.”

“Abee, dada.”

“Kuku, nimemwita mtu wa msikitini akamchinja.” Akamtazama usoni. “Na nyumba hii Mwislamu ni wewe tu. Ingia, tule.”