Ng'ombe Tisa Ndani ya Karatasi Nyeupe

Perez Apiyo alikaribishwa kiti, hakukaa. Aliweka picha juu ya meza ya studio, akasema, "Mzee Amolo, nirudishie ng'ombe wangu."

Ilikuwa Jumatano, mwaka 1987, Kaloleni, mjini Kisumu. Amolo alivaa miwani. Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wake mwenyewe wa mwaka 1968. Mbele hakukuwa na kitu ila ukungu wa manjano, kama chai ya maziwa iliyomwagikia karatasi, na alama ya pembe moja kwenye kona.

Mume wa Apiyo alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma, kijijini Asembo. Matanga hayajaisha, shemeji yake Obiero akasimama mbele ya ukoo na kusema kwamba mama huyu hakutolewa mahari hata mbuzi, alikuja tu akakaa. Na mke asiyetolewa ng'ombe hana boma. Wazazi wa Apiyo walikwisha kufa, washenga nao pia. Jumamosi wazee wangeamua kama afungashe vyombo vyake.

"Na huyo Obiero ndiye aliyeshika kamba siku ile ng'ombe wa mahari wakitoka zizini," Apiyo alisema. "Tisa! Wewe ulimwambia anyooshe shingo."

"Nakumbuka, mama. Lakini nikienda na mdomo mtupu, atasema nimekula kuku wako."

"Basi toa nyingine kutoka kwenye filamu yake."

Amolo akatazama sakafu. Filamu zote za miaka ile alikuwa amemuuzia Mbarak sonara, ambaye alizichoma, akakusanya fedha iliyokuwa ndani yake, akafua bangili.

"Kwa hiyo kuna mwanamke anatembea mjini amevaa ng'ombe wangu mkononi," Apiyo alisema, wala hakucheka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Amolo hakulisema. Wiki ile ya 1968 mabomba yalikauka. Picha arobaini alizisuuza kwa ndoo moja ya maji, dawa ikabaki ndani ya karatasi, ikaendelea kuitafuna fedha polepole kwa miaka kumi na tisa. Wateja walipokuja kulalamika aliwaambia ni jua, au ni moshi wa jiko lao. Uongo huo aliuishi kama mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo mfukoni mwake.

Tiba ya picha ile aliijua. Shule ya jioni ilimpa kitabu cha kemia, naye alikisoma mpaka jalada likatoka. Fedha ikiwa kijiko hung'aa. Ndani ya picha, fedha ileile ni nyuzi zilizosokotana, nyembamba kuliko unywele mara elfu. Mwanga ukiingia humo huzunguka kama samaki katika mgono. Njia ya kuingia ipo, ya kutoka hakuna. Ndiyo maana tunaona weusi. Nyuzi zikitafunwa zikawa chembe, chembe hizo hunasa mwanga wa buluu tu na kuuachia wa manjano upite. Ng'ombe hawakuwa wametoka. Walikuwa wamesagika.

Kuwarudisha, ilibidi kwanza awafute kabisa. Alhamisi alizamisha picha katika dawa ya rangi ya chungwa, akaona hata ile pembe moja ikiyeyuka. Karatasi ikawa nyeupe pe. Aliisuuza, mara hii kwa ndoo kumi na mbili, akaianika kidogo mwangani, kisha akaitia katika dawa ya kuoshea picha. Kwato zilitangulia. Halafu ng'ombe wote tisa, na kijana Obiero, shingo ndefu, kamba mkononi.

Jumamosi, kijijini Asembo, Obiero aliitazama picha hiyo mbele ya wazee, akagonganisha viganja.

"Wazee wangu, karatasi hii si mliiona matangani? Ilikuwa njano! Leo nyeusi kama sufuria. Huyu mzee ana penseli. Si ndiye aliyemchorea jirani yetu marehemu Laban tai pichani, na Laban hakuvaa tai maisha yake yote?"

Watu wakacheka. Amolo naye alijua ni kweli. Tai ile aliichora. Sasa picha ya ng'ombe ilikuwa imerudi nzuri mno, na uzuri wake ndio uliomtia kitanzini.

Jaduong' Zadock, mkubwa wa ukoo, aliinua fimbo. "Mpiga picha, njano iligeukaje nyeusi? Na kwa nini iliharibika?"

Apiyo alikuwa amesimama mlangoni, amekunja khanga mkononi. Amolo hakuwa na pa kupitia. Kueleza la kwanza ni kukiri la pili.

"Iliharibika kwa sababu sikuisuuza dawa ikatoka," Amolo alisema. "Si hii tu. Zote za wiki ile. Niliwadanganya kuhusu jua, nikayasingizia majiko yenu. Lakini sikuchora. Bwana Obiero, siku ile ya ng'ombe ulipewa picha ya mama yako. Ilete niioshe hapa, mchana huu, mkitazama."

Obiero alisita. Picha ile aliiweka ndani ya Biblia. Kilichobaki kilikuwa kitambaa cha kichwa na kipande cha paji la uso. Hakuwa na nyingine.

"Ilete," alisema Zadock. "Kama ni penseli tutaiona."

Amolo alipanga beseni zake juu ya benchi. Picha ikazama. Kitambaa kikafifia, paji likafifia. Wazee waliinama wote, na karatasi ikawatazama bila uso.

"Yuko wapi?" Obiero akamkamata mkono. "Mzee, mama yangu yuko wapi?"

"Ngoja."

"Umemmaliza! Alikuwa hapa, hapa katikati! Amesimama langoni, amevaa kitambaa cha maua, na yule ng'ombe mweupe wa Apiyo anamlamba kiwiko, na mimi namvuta kwa kamba..."

Akauachia mkono wa Amolo.

"Ng'ombe wa nani?" Zadock aliuliza taratibu.

Macho ya Obiero yalikuwa ndani ya beseni la pili, ambamo Amolo alikuwa ameitia karatasi baada ya kuisuuza, na humo kitambaa cha maua kilianza kupanda kutoka kwenye weupe, ua moja moja, halafu jicho.

Zadock alisimama, akakung'uta suruali. "Shauri limekwisha. Perez, nyar Sakwa, binti wa watu wa Sakwa, tupikie chai. Uko kwako."

Apiyo akaingia ndani. Amolo alianza kumwaga dawa zake haraka, apate kuondoka, lakini mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kusimama mbele yake, na nyuma yake wengine wawili.

"Mzee," yule wa kwanza alisema, "kumbe jiko langu halikuwa na kosa?"