Mama Asiyejulikana

"Jina lako nani, mama?"

Filomena alimkodolea macho nesi aliyeshika mfuko wa damu. Nesi mwenyewe alikuwa Jesca, kifungua mimba wake.

"We mtoto! Nimekubeba mgongoni milima yote ya Matombo, leo hunijui?"

Kisha akawaona wakaguzi wa ubora wakizunguka wodini. Kumbe mtoto anawaringishia wageni! Akataja jina shingo upande.

Jioni wakaguzi walikwishaondoka. Jesca akaja na mfuko wa pili. "Jina lako nani, mama?"

"Si wameshaondoka hao?"

"Mama, Matombo mmebatizwa akina Filomena wangapi? Mmoja yuko kitanda kile. Damu yake ikiingia kwako, nakuzika."

Filomena akamtazama yule wajina wake aliyesinzia, akamtazama mwanawe. Hasira zikamwisha, fahari ikamjaa kifuani. Akataja jina lake, la baba na la babu, kwa sauti ya mtu anayesali.

Asubuhi nesi mwingine akafika na sindano, akamshika mkono bila neno. Filomena akauvuta.

"Mwanangu wa kumzaa hanijui mpaka nimtajie jina, sembuse wewe!"